Anayenyimwa Fao Ana Haki ya Kusikilizwa

Mgeni anayeingia Tunduma kwa mara ya kwanza, akayaona malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, wabeba mizigo, wabadilisha fedha, mama lishe, na vijana wa bodaboda wanaogombea abiria tangu alfajiri, huondoka akidhani kwamba katika mji huu hakuna mtu asiye na kazi. Dhana hiyo ina ukweli wake. Kazi Tunduma ipo. Kilicho adimu ni ajira, yaani kazi yenye mkataba, yenye mshahara unaojulikana, na yenye makato yanayopelekwa kila mwezi katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Wachache walioipata ajira ya namna hiyo ni makarani wa mawakala wa forodha, madereva wa makampuni makubwa, wafanyakazi wa mabenki na mahoteli, na kule Wilaya ya Songwe, wafanyakazi wa migodi ya dhahabu. Leo tunataka kuzungumza juu ya siku ambayo mmoja wa hawa wachache anaipoteza ajira yake, anakwenda kudai haki yake, kisha anaambiwa hapana.

Tangu sheria ya mwaka 1964 iliyoanzisha Mfuko wa Akiba wa wafanyakazi, ambao wengi wanaukumbuka kwa jina la NPF, hadi sheria ya mwaka 1997 iliyougeuza kuwa NSSF, mfanyakazi wa nchi hii alizoea jambo moja: akipoteza kazi, atachukua akiba yake na kwenda kuanza maisha mengine. Mwaka 2012 sheria zilirekebishwa na fao la kujitoa likaondolewa. Kelele zilizotokea wakati ule, hasa migodini, bado zinakumbukwa. Serikali ilieleza kwamba mtu anayeila akiba yake akiwa na miaka thelathini atazeeka bila kitu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tumbo halingoji uzee. Ndipo mwaka 2018, katika sheria ile ile iliyoiunganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi, likaingizwa fao jipya, fao la kukosa ajira.

Fao hili ni jambo jema na tuliliunga mkono. Masharti yake makuu yanafahamika. Mwanachama awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 18. Awe hajatimiza umri wa miaka 55. Asiwe ameiacha kazi kwa hiari yake mwenyewe. Athibitishe kwamba hajapata ajira nyingine. Akitimiza hayo hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kila mwezi, kwa muda wa miezi sita.

Tuchukue mfano wa karani wa wakala wa forodha aliyekuwa akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Atapata shilingi 100,000 kila mwezi, na baada ya miezi sita atakuwa amepokea shilingi 600,000. Karani huyo huyo, kama amefanya kazi miaka sita, michango iliyopelekwa kwa jina lake, asilimia 10 kutoka katika mshahara wake na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na kwa miezi 72 ni shilingi 4,320,000. Hatutoi hesabu hii ili kuuchonganisha Mfuko na wanachama wake. Fedha inayobaki ni ya pensheni yake na ya mafao mengine, na ndivyo bima inavyoendeshwa. Tunaitoa ili ieleweke kwamba anayekwenda dirishani kudai fao hili hakwenda kuomba sadaka, na kwamba anayemkatalia anafanya uamuzi juu ya jasho la mtu.

Na kukataliwa kupo, wala haiwezi kuwa vinginevyo. Mfuko ni mali ya wanachama wote. Akitokea mtu anayelipwa mshahara Mbeya huku anadai fao la kukosa ajira Tunduma, mtumishi anayemkatalia anawalinda wenzake, na sisi tutampongeza. Shida yetu haiko kwa huyo. Iko kwa yule ambaye ukweli wake haukutoshea katika nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu.

Sharti la kutoacha kazi kwa hiari ni la haki kwa maneno yake. Lakini ni nani asiyejua jinsi baadhi ya waajiri wanavyoachana na watu wao? Mfanyakazi anaitwa ofisini saa kumi jioni. Anawekewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, nayo inasema kwamba yeye, kwa hiari yake, na kwa sababu za kifamilia, anaomba kuacha kazi. Anaambiwa akitia saini atapewa mshahara wa mwezi huu. Asipotia, polisi wataitwa kwa ajili ya upotevu wa mzigo fulani. Anatia saini. Miezi miwili baadaye karatasi ile ile inatolewa kama ushahidi kwamba aliacha kazi mwenyewe. Mtumishi wa dirishani hana kosa, amesoma kilichoandikwa. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliuona mtego huu mapema. Inasema wazi kwamba mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya kazi hiyo isivumilike, huko nako ni kuachishwa. Sheria hiyo inatambua pia kwamba mkataba wa muda maalumu usiohuishwa, iwapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuhuishwa, ni kuachishwa vile vile. Sasa maelezo hayo yote atayaeleza wapi, na kwa nani, ikiwa jibu la dirishani ndilo jibu la mwisho?

Kuna na hili la kuthibitisha kwamba huna ajira nyingine. Katika mji wa mpakani lina utata wake. Karani wetu akikaa mwezi wa kwanza, wa pili, watoto wanakula nini? Atabeba magunia. Atavuka Nakonde, ambako Mnyamwanga wa huku na wa kule ni ndugu wa tumbo moja, atasaidia kupanga mzigo dukani kwa shemeji yake, atarudi jioni na unga na sabuni. Je, huyo amepata ajira? Kwa akili ya kawaida hajapata. Lakini jirani mwenye kijicho akisema amemwona akifanya kazi Nakonde, faili linaweza kufungwa kwa neno hilo moja. Jambo kama hili haliwezi kuamuliwa kwa muhuri. Linahitaji mtu aketi na mtu, amuulize, amsikilize.

La tatu, na ambalo mfanyakazi hana uwezo nalo kabisa, ni michango ambayo mwajiri aliikata asiipeleke. Mtu ana hati za mshahara za miaka mitatu, zote zinaonyesha makato, lakini daftari la Mfuko linaonyesha miezi kumi na moja. Kwa daftari hilo hajatimiza miezi 18, kwa hiyo hastahili. Aliyekosa hapa ni mwajiri, anayeadhibiwa ni aliyekatwa.

Hapo ndipo tunapofika katika jambo lililotusukuma kuandika leo, nalo ni siku.

Mfanyakazi anayeona kwamba ameachishwa isivyo halali anatakiwa kuupeleka mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi cha CMA, ndani ya siku 30. Si miezi, ni siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Sasa fikiria karani wetu. Hajui habari ya Tume. Anachokijua ni Mfuko, kwa sababu jina lake lilikuwa katika hati ya mshahara kila mwezi. Anakwenda huko kwanza. Anajaza fomu, anatafuta barua ya mwajiri, anatafuta picha, anarudi, anaambiwa barua haina muhuri, anarudi tena. Jibu la kukataliwa linamfikia siku ya 45, likisema kwamba aliacha kazi kwa hiari. Anashtuka, anauliza, na mtu mmoja mwenye huruma anamwambia, "Ndugu yangu, hilo la kuacha kwa hiari kalimalize CMA." Anapofika huko mlango umefungwa siku 15 zilizopita. Ni kweli kwamba anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi za kuchelewa. Lakini hiyo sasa ni kesi ndani ya kesi, na "sikujua" kwa kawaida haihesabiwi kuwa sababu.

Hivyo basi mtu mmoja amekimbizwa na saa mbili, moja ya Mfuko na moja ya Tume, na hakuna aliyemwambia kwamba zote mbili zilikuwa zikienda. Hakuna mtumishi aliyevunja sheria hata moja. Kila mmoja alitimiza wajibu wake katika chumba chake, na mtu amepotea katika ujia.

Wazee wa Tunduma wanaokumbuka ujenzi wa reli ya TAZARA ulioanza mwaka 1970 watatuambia kwamba zamani haikuwa bora zaidi. Wakati ule migogoro ya kufukuzwa kazi iliamuliwa chini ya sheria ya mwaka 1964 iliyohusu usalama wa ajira. Mfanyakazi alikwenda kwenye Baraza la Usuluhishi, na asiporidhika alipeleka malalamiko kwa Waziri wa Kazi. Uamuzi wa Waziri ulikuwa wa mwisho, na mahakama zilizuiwa kulisikiliza shauri hilo. Nia ilikuwa njema, kumkinga mnyonge na gharama za mawakili. Lakini mnyonge akawa na mlango mmoja tu, nao uko Dar es Salaam. Sheria za mwaka 2004 zilirekebisha hilo. Leo tuzo ya Tume inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ndani ya wiki sita, na kutoka hapo, kwa hoja za kisheria tu, hadi Mahakama ya Rufani. Nchi imepiga hatua. Lakini hatua hiyo imepigwa upande wa mwajiri na mfanyakazi. Upande wa mfuko na mwanachama njia haijatengenezwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata. Iliundwa Mamlaka ya kusimamia sekta ya hifadhi ya jamii kwa sheria ya mwaka 2008. Mwaka 2019 ikavunjwa na kazi zake zikahamishiwa serikalini. Mwanachama aliyekuwa ameanza kulizoea jina lake akabaki na anwani ya zamani mkononi.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, kifungu kidogo cha 6, haikuacha shaka katika jambo hili. Inataka kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine cho chote, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Tunarudia: au na chombo kingine cho chote. Dirisha la mafao ni chombo kinachoamua haki za watu, hata kama halina jaji wala joho.

Wala jambo hili si geni duniani. Uingereza ilipoanzisha bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911, ilimpa aliyenyimwa haki ya kwenda mbele ya baraza lenye mwakilishi wa waajiri, mwakilishi wa wafanyakazi, na mwenyekiti asiye wa upande wo wote. Marekani, katika sheria yake ya mwaka 1935, ililazimisha kila jimbo linalopokea fedha za shirikisho kwa kazi hiyo kumpa aliyekataliwa nafasi ya kusikilizwa kwa haki na chombo kisichopendelea. Mwaka 1970 ikaongeza sheria ya kurefusha malipo kwa wiki 13 zaidi pale ukosefu wa kazi unapozidi kiwango fulani. Na Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unasema kwamba kila anayedai fao awe na haki ya kukata rufaa akikataliwa, au asiporidhika na ubora au kiasi cha alichopewa.

Wapo watakaotuuliza, mbona hamdai kwanza miezi sita iongezwe iwe tisa au kumi na miwili? Swali ni la haki. Kwa mji kama huu, ambako kampuni moja ya usafirishaji ikianguka makarani na madereva wake wote hutafuta kazi ile ile kwa wakati mmoja, miezi sita ni michache. Kituo cha huduma za pamoja mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kupunguza siku za malori kukaa hapa, na kila mwenye akili analifurahia jambo hilo. Lakini karatasi zinapopungua, wanaozijaza nao hawana budi kutazama mbele. Siku ya kuijadili nyongeza hiyo ije, nasi tutakuwa upande wa kuiongeza. Hata hivyo kurefusha malipo ni suala la fedha, na fedha huhitaji hesabu za wataalamu wa bima na bajeti. Kumsikiliza mtu hakuhitaji bajeti kubwa. Na nyongeza yo yote itakayokuja itakuwa na masharti yake, na masharti yatazaa wanaokataliwa, nao watasimama pale pale anaposimama karani wetu.

Hoja nyingine tunayoisikia ni kwamba rufaa zitajaza ofisi na kuchelewesha malipo ya wanaostahili. Hofu hii ni ya kirasimu. Ofisi inayolazimika kuandika sababu ya kukataa hufikiri mara mbili kabla ya kukataa, na makosa mengi hufa hapo hapo, kabla rufaa haijaandikwa.

Tunachotaka ni kwamba kila kukataliwa kuandikwe kwenye barua yenye tarehe. Barua itaje sharti lipi halikutimizwa na ushahidi gani ulitegemewa, ili aliyeambiwa ameacha kazi kwa hiari aione ile karatasi na aseme alivyoitia saini. Itaje pia mahali pa kukata rufaa, na siku alizo nazo, zikihesabiwa tangu aliposhika barua mkononi. Na iandikwe kwa Kiswahili. Bunge lilikwisha kuamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya vyombo vya kutoa haki. Haitakuwa na maana hakimu aandike kwa lugha ya wananchi huku barua ya mafao ikibaki kwa Kiingereza.

Wa kusikiliza rufaa hiyo asiwe yule yule aliyekataa, wala bosi wake wa chumba cha pili. Awepo mtu wa chama cha wafanyakazi na mtu wa waajiri pamoja na mwenyekiti. Na wasikae Dar es Salaam wakingoja. Vijana wa leo hawaikumbuki Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 1966. Ilikuwa na mapungufu yake, lakini wajumbe wake walitembea mikoani kuwafuata wenye malalamiko. Mtu asiye na kazi hawezi kutafuta nauli ya kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100, kisha alale, kisha aambiwe arudi wiki ijayo. Hata Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu tangu ulipoanzishwa mwaka 2016, ni mbali kwa mtu wa Kamsamba au wa Mkwajuni. Kikao kimoja Tunduma na kimoja Mkwajuni kila baada ya miezi mitatu si mzigo usiobebeka.

Vyama vya wafanyakazi navyo vijitazame. Ada inakatwa kila mwezi. Mwanachama anapofukuzwa ada inakoma, na mara nyingi urafiki nao unakoma siku hiyo hiyo. Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanafanya kazi kubwa katika mashauri ya ardhi na mirathi. Tunawaomba waliongeze na hili. Kumwandikia mtu maelezo ya ukurasa mmoja, na kumfikisha kwenye Tume siku ya 29 badala ya siku ya 31, kunaweza kumwokolea madai yake yote.

Kwa waajiri tuna neno fupi. Michango uliyokata si yako. Na cheti cha utumishi ambacho sheria inakutaka umpe mfanyakazi anapoondoka si hisani ya kumpa yule tu aliyeondoka kwa heshima.

Yapo ambayo yatangoja kanuni, saini na matangazo ya serikali. Lakini moja halingoji cho chote. Kila ofisi inayopokea fomu za fao la kukosa ajira katika mkoa huu ibandike ukutani, kwa herufi zinazosomeka, kwamba anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika mbele ya Tume, na kwamba siku hizo hazisimami kwa sababu tu amejaza fomu hapa. Na mtumishi anayepokea fomu amwambie kila mtu hilo kwa mdomo, kabla hajagonga muhuri.